Darasa la Ramadhani, siku ya 12: Tumbo lililofungwa lumbesa



Ndugu zangu, mama zangu, vijana wangu wa Dumila, na nyote mnaotusoma kutoka Magole, Kilosa, Morogoro mjini na hata mliohamia Dar. Jana niliahidi tungeendelea na adabu za kusoma Qur'ani. Naomba radhi, adabu hizo tutazirudia kesho inshallah. Leo nimebadilisha somo kwa sababu ya jambo lililotokea juzi usiku. Mwenyewe kaniruhusu nilisimulie, mradi nisimtaje jina.

Tulikuwa tumemaliza tarawehe, yapata saa 3 na nusu. Natafuta kandambili zangu mlangoni, mama mmoja akanisogelea. "Shehe, twende ukamsomee mwanangu. Karogwa."

Mwanawe ni mpakiaji wa magunia pale gulioni. Nilimkuta kwenye mkeka, kajikunja, kashika tumbo kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na alishatapika mara tatu. Dada zake wanalia. Jirani kashatoa hukumu kwamba kuna mwenzake gulioni anamwonea kijicho, maana huyu kijana hupakia haraka kuliko wote.

Nilimsomea. Sikatai kusoma, Qur'ani ni shifaa na mimi naiamini. Lakini nilipomaliza nikampigia simu muuguzi mmoja ninayemfahamu, akaniambia muulize hivi na hivi: matapishi yana damu? Tumbo limekuwa gumu kama ubao? Ana homa? Maumivu yamehamia upande mmoja? Yote hayakuwepo. Ndipo nikamuuliza kijana swali langu mwenyewe: "Mwanangu, umefuturu nini?"

Akanitazama kama vile nimemtukana. Aliyejibu ni mama yake, tena kwa fahari kidogo. Uji wa pilipili manga bakuli mbili. Magimbi ya nazi. Tambi. Chapati nne na maharage. Tikiti. Halafu juu ya vyote hivyo, chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu, baridi, kimetoka kwenye friji sasa hivi.

"Halafu?"

Halafu simu ikaita, Fuso limeshafika, akatoka mbio huku anatafuna. Kwa muda wa saa nzima akawa anapandisha magunia ya mahindi, moja baada ya jingine, mgongoni.

Jamani, watu wa Dumila sote tunaijua lumbesa. Gunia limejaa, lakini tajiri anasema ongeza, wanalishonea kilemba juu mpaka linakuwa na vichwa viwili. Wakala wa Vipimo wanaipiga marufuku na kila siku tunalalamika kwamba inamwonea mkulima na inamvunja mgongo mbebaji. Sasa huyu kijana wetu alikuwa na lumbesa mbili kwa mpigo, moja mgongoni na nyingine tumboni.

Tuingie darasani kidogo. Mnajua mimi kabla ya kukabidhiwa mihrabu hii nilipita chuo cha ualimu baada ya madrasa, na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula nimeuchora ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tumbo, yaani ule mfuko wenyewe unaopokea chakula, ni misuli. Ukiwa mtupu ni mdogo tu, kama ngumi yako. Ukila unatanuka, na mtu mzima huubeba vizuri ukiwa na lita moja mpaka moja na nusu. Kisha unaanza kazi ya kinu: unajibana kama mara 3 kila dakika, unatwanga, unachanganya na tindikali, mpaka chakula kinakuwa uji. Chini yake kuna lango, na lango hilo ni bahili kwelikweli. Maji linayapitisha upesi, dakika chache tu yanaanza kushuka. Lakini kigumu halikipitishi mpaka kimesagwa kikawa vipande vya milimita 1 au 2, na kikiwa na mafuta mengi au tui zito, lango linazidi kukaza. Futari ya mchanganyiko kama ile huchukua saa 3, 4, wakati mwingine zaidi. Ukila saa 12:40 jioni, basi saa 4 usiku kinu bado kinatwanga.

Kazi hiyo inataka damu. Mtu akiwa ametulia, moyo wake unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, na karibu robo yake inakwenda kwenye tumbo, utumbo na ini. Akishakula, sehemu hiyo inaongezeka. Sasa wakulima wa mpunga mtanielewa haraka kuliko madaktari. Mfereji ni mmoja, na maji yana zamu. Wewe umefungulia jaruba lako, miche inakunywa taratibu, halafu mtu wa juu anakuja usiku anafungua lango lake lote. Kwako kinabaki nini? Tope. Ndivyo inavyokuwa ukibeba gunia ukiwa umeshiba. Misuli ya miguu na mgongo ni watu wa juu ya mfereji, wakihitaji damu hawaombi. Moyo unaongeza kasi, ni kweli, lakini katika kazi nzito sana damu inayofika kwenye utumbo inaweza kupungua zaidi ya nusu. Na joto letu hili la kabla ya masika kukolea, ngozi nayo inadai damu yake ili mwili upoe. Ongeza kwamba huyo mtu hajanywa maji tangu alfajiri, mfereji wenyewe ulishapungua.

Tumbo likikosa damu katikati ya kazi, kinu kinasimama. Chakula kinakaa. Gesi inajaa, tindikali inapanda, na mwili unachagua njia fupi ya kutua mzigo, yaani kutapika. Mliopita shule za hapa kwetu mnakumbuka mchakamchaka wa asubuhi. Aliyekuwa amekula kiporo cha ugali akashiba, ndiye wa kwanza kushika ubavu, "mwalimu, kichomi!" Tulikuwa tunamwona mvivu. Mimi mwenyewe nimewachapa wanafunzi kwa jambo hilo nilipoanza kufundisha, na Allah anisamehe.

Mtu anaweza kuniuliza, shehe, haya ya ndani ya tumbo nani ameyaona? Nani amechungulia tumbo la mtu aliye hai? Yupo, na kisa chake ni kirefu lakini nitakikata.

Tarehe 6 Juni 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bunduki ya kuwindia kwa bahati mbaya, kwa karibu sana. Alikuwa kibarua wa biashara ya ngozi za wanyama, watu wa kupiga kasia na kubeba marobota mgongoni. Yaani ni mpakiaji kama hawa wetu. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akidhani hatapona. Akapona, ila kidonda hakikuziba: lilibaki tundu ubavuni lililoingia moja kwa moja tumboni. Beaumont akaona nafasi. Kwa miaka kadhaa akawa anafunga vipande vya nyama na mboga kwa uzi, anavitumbukiza kwenye lile tundu, anavitoa baada ya saa moja au mbili na kuangalia vimefikia wapi. Mwaka 1833 akachapisha kitabu, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanalisoma jina lake.

Kati ya aliyoyaandika, mawili yanatuhusu usiku wa leo. La kwanza, kwamba mwendo mwepesi baada ya kula unasaidia chakula kusagika, na kazi nzito ya kuchosha inakichelewesha. La pili, kwamba huyu kijana akikasirika, hali ya tumbo lake ilibadilika na usagaji ukaharibika. Mnaofuturu huku mnagombana na wake zenu kwa sababu chumvi imezidi, mmesikia.

Lakini niseme na hili, maana kwangu ndilo linalouma zaidi katika kisa hicho. St. Martin alikuwa maskini, hajui kusoma, na alitiwa kwenye mkataba wa kutumwa kazi za nyumbani na wakati huohuo kufanyiwa majaribio. Alikimbia, akarudishwa, akakimbia tena. Elimu ya tumbo tunayojivunia leo ilipatikana kwenye ubavu wa kibarua ambaye hakuwa na sauti. Alifariki mwaka 1880, na familia yake iliuacha mwili uharibike kwanza kabla ya kuuzika, ili madaktari wasiutake. Nikimfikiria yule kijana kwenye mkeka, namfikiria na huyu.

Turudi kwetu. Karibu miaka 500 kabla ya Beaumont, Imamu Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kuhusu tiba na kula. Maana ya maneno yake ni kwamba madaktari walikuwa wakimwusia mwenye kutaka afya atembee baada ya chakula cha usiku, hata hatua 100, wala asilale papo hapo. Kisha akataja kwamba madaktari Waislamu waliongeza: au aswali baada yake, ili chakula kitulie chini ya tumbo na kusagika kwake kuwe rahisi. Na kabla yake Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipopanga mambo ya kulinda afya alianza na mazoezi, kisha chakula, kisha usingizi. Mazoezi yametangulia chakula! Sisi tumepindua, tunaanza na chakula, tunafuatia usingizi, mazoezi tunawaachia vijana wa mpira.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu kila Ramadhani zinasambazwa picha kwenye simu zenye maneno kwamba "sayansi imethibitisha tarawehe ni mazoezi". Mimi sizipendi. Tarawehe ni ibada. Anayesimama kwa nia ya kupunguza kitambi, apunguze kitambi, malipo yake ndiyo hayo. Tunasimama kwa ajili ya Allah. Ila Allah ni mpole kwa waja wake, na ukiutazama mpangilio wa usiku wa Ramadhani kama Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alivyotufundisha, unaona jinsi mwili ulivyohurumiwa humo. Alifungua kwa tende mbichi chache kabla ya kuswali, zikikosekana tende kavu, zikikosekana mafunda ya maji. Tende na maji ni vitu ambavyo lile lango bahili halivigombezi. Sukari ya tende inaingia, maji yanaingia, tumbo linaamka bila kushtuliwa, unaswali magharibi. Ndipo unakula. Na kwenye kula ametuwekea mpaka, ile hadithi ya Miqdam iliyopokelewa na Tirmidhi, mnaijua wote: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Kisha unakwenda msikitini, unasimama, unarukuu, unasujudu, taratibu, kwa saa nzima. Huo ndio mwendo mwepesi. Damu ya kutosha inabaki tumboni, misuli inatumia sukari kidogokidogo, utumbo unasukuma.

Najua kuna kijana ataniletea hadithi ya chakula kikiwa kimeandaliwa na iqama ikasomwa, kwamba tuanze na chakula. Ni sahihi, imo kwa Bukhari. Mwenye njaa kali, moyo wake uko kwenye sufuria, ale kwanza, hana kosa. Lakini hadithi ile haikusema ale mpaka ashindwe kurukuu.

Na sasa nijitaje mwenyewe, nisiwe mtu wa kuhukumu wengine tu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasumbuliwa na kiungulia kila Ramadhani. Kwangu mpaka msikitini ni dakika nane kwa miguu. Nilikuwa nafuturu kwa watu, maana imamu anaalikwa kila nyumba na kila mama anataka uonje chake. Nikirudi najilaza kwenye kochi mpaka adhana ya isha, halafu napanda bodaboda. Nikifika kwenye sijda, tumbo limejaa, kichwa kiko chini, tindikali inapanda mpaka kooni. Basi nikawa nazifupisha sijda. Mzee mmoja akanisifu mbele za watu, "imamu wetu ana huruma na wazee." Wallahi niliona haya. Haikuwa huruma, ilikuwa magimbi.

Kati ya umio na tumbo kuna msuli unaofunga kama mdomo wa mfuko uliokazwa kamba. Tumbo likijaa kupita kiasi, ule mfungo unalegea. Ukisimama au ukikaa wima, uzito wa chakula unakivuta chini. Ukilala, hakuna kinachozuia. Ndiyo maana huyu muuguzi niliyewaambia aliponisikiliza hakunipa dawa kwanza. Alinipa masharti: punguza nusu, usijilaze mpaka zipite saa mbili au tatu, nenda msikitini kwa miguu na urudi kwa miguu. Na ukilala, lalia ubavu wa kushoto uinue na mto. Nikacheka, nikasema hata boda unanikataza? Nilitii kwa kuona haya tu. Wiki ya pili sijda zangu zikarudi urefu wake, na yule mzee akaanza kulalamika.

Kwa wenye kisukari nina neno la peke yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walitoa matokeo ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Kipindi kimoja waliambiwa watembee dakika 30 kwa siku, muda wowote. Kipindi kingine watembee dakika 10 tu kila baada ya mlo mkuu. Jumla ya dakika ni zilezile. Lakini walipotembea baada ya kula, sukari ya baada ya mlo ilikuwa chini kwa asilimia 12, na kwa mlo wa usiku tofauti ikafika asilimia 22. Sababu haina siri: misuli inayotembea inachukua sukari kutoka kwenye damu wakati uleule inapoingia. Dakika 10 ni kutoka njia panda ya Kilosa kwenda kuwasalimia wazazi na kurudi. Tafadhali, mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge, mwone daktari kuhusu kufunga kwenyewe, na ukisikia kutetemeka, jasho la ghafla au kizunguzungu, fungua saumu hapohapo. Aya za 184 na 185 za Suratul-Baqara zimekupa ruhusa, usijifanye mkarimu kuliko Mola wako.

Na wale wa kufunga choo, maana hili watu wanaliona aibu wanakuja kuniuliza pembeni: maji, mboga za majani, matunda, na mguu. Utumbo nao ni misuli, mwili ukikaa tu nao unazubaa. Wakulima walioko kwenye palizi mara nyingi hawana tatizo hili, wenye maduka ndio wananijia.

Lakini mwendo hautibu kila kitu, na hapa nisieleweke vibaya. Vidonda vya tumbo kwa watu wengi vinasababishwa na bakteria au na dawa za maumivu. Bakteria hao hawaondoki kwa kutembea wala kwa kunywa magadi, wanaondoka kwa dawa za hospitali zilizomalizwa. Na vijana wapakiaji, nawaomba kwa jina la Allah, hizo diklofenaki mnazomeza kwa ajili ya mgongo, tena mkiwa na njaa, ndizo zinazotoboa tumbo. Ukiona choo cheusi kama lami, au matapishi yenye damu, au unakonda bila sababu, usije kwangu kusomewa kwanza. Nenda hospitali, mimi nitakukuta huko nikusomee. Na mzee anayehisi "kiungulia" kila anapotembea kidogo au kupanda kilima, kikitulia anapopumzika, huo unaweza kuwa moyo. Usisubiri Idi.

Sasa kijana wetu. Muuguzi alisema akae nusu wima, anyweshwe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kijiko kwa kijiko, na ikifika saa 5 hajatulia tumpeleke. Saa 5 kasoro alikuwa ameshalala. Daku akanywa uji mwepesi, asubuhi akaswali na sisi.

Jana baada ya alasiri nikaenda gulioni kuonana na tajiri wake. Sikwenda kugombana. Nilimweleza haya ninayowaeleza, nikamwomba upakiaji usianze mpaka isha imeswaliwa. Akanijibu kwa adabu, lakini akanijibu ukweli wake: mzigo unatakiwa uwe sokoni Dar kabla ya alfajiri, gari likichelewa bei inashuka, na hasara inarudi kwa mkulima, ambaye naye kafunga. Nikakosa la kusema kwa dakika nzima. Ni rahisi kutoa fatwa ukiwa umekaa kwenye jamvi.

Waliopata njia ni vijana wenyewe. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, akasema: "Ustadhi, kwa nini tusipakie kwanza halafu tukala?" Yaani adhana ikilia wafungue kwa tende tatu na maji, waswali magharibi palepale, wanywe kikombe kimoja cha uji mwepesi, wapumzike dakika 20, wapakie. Maji yawe karibu, wanywe kidogokidogo. Futari yenyewe waikute nyumbani saa 3, wale kwa utulivu, watembee kidogo, walale tumbo likiwa na nafasi. Tajiri akakubali, na akaongeza kwamba tende na uji atatoa yeye. Allah amlipe.

Nikamkumbuka Wesley Fofana, yule aliyekuwa beki wa Leicester, mnaofuatilia mpira mnakumbuka. Tarehe 26 Aprili 2021 walikuwa wanacheza na Crystal Palace, jua likazama katikati ya mchezo, mpira ukasimamishwa kidogo kwenye goli la kudaka, akafungua kwa kitu kidogo pembeni ya uwanja, akarudi kucheza. Hakuletewa sinia. Mwenye kazi nzito mbele yake anafungua hivyo.

Kilichobaki ni tarawehe, maana kwa utaratibu huu watakuwa wanaikosa jamaa. Waliniuliza kwa huzuni kweli. Nimewaambia waiswali nyumbani au palepale gulioni wakimaliza, rakaa wanazoweza, usiku ni mrefu na mlango wake haufungwi saa 3. Tena wawili wao wamehifadhi juzuu ya Amma, basi mmoja awaswalishe.

Na kina mama, mnielewe. Sikuwakataza kupika. Mtoto aliyeshinda na njaa juani, mama gani hatamjazia sahani? Ila gawanyeni sinia liwe la safari mbili: ya kwanza nyepesi baada ya magharibi, ya pili baada ya tarawehe. Chakula ni kilekile, sufuria ni ileile. Magimbi hayaharibiki kwa saa mbili, na uji ukipoa unapashwa.

Leo baada ya tarawehe, wanaokaa upande wa barabara ya Kilosa tutarudi pamoja kwa miguu, wazee mbele, vijana nyuma wenye tochi kwa sababu ya magari. Bodaboda mtatusamehe, tutawalipa kwenye Idi. Mwenye swali lisilofaa kuulizwa hadharani anikute msikitini kati ya adhuhuri na alasiri. Kesho inshallah adabu za kusoma Qur'ani.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.